Kifua Hakiazimwi: Nyongesa wa Gari la Picha

Jua linachungulia kutoka upande wa Dundori, na ua wa kinu cha unga hapa Nakuru umejaa wanaume wasio na mashati. Wamejipanga kutoka mlango wa stoo ya ngano mpaka langoni, mikono wameikunja vifuani kwa baridi. Mbele yao limesimama gari refu la rangi ya maziwa, lisilo na dirisha hata moja. Injini ya umeme iliyo nyuma ya gari inanguruma. Juu ya ngazi ya mlango, mtu mfupi mwenye shingo nene ameinua mikono kama mwalimu wa kwaya.

"Tena!" anasema. "Mnaimba kama watu waliolala njaa."

"Si tumelala njaa kweli!" anajibu mmoja kutoka katikati ya mstari, na ua mzima unacheka.

Mtu huyo mfupi anaitwa Shadraka Nyongesa. Anangoja kicheko kiishe, kisha anaanza upya, na sauti zaidi ya mia moja zinamfuata:

*Kifua changu nyumba yangu,*
*Fungua dirisha, hewa ingia,*
*Vuta, vuta, jaza kabisa,*
*Shika!*

Wanaposema "shika", mstari wote unanyamaza ghafla. Vifua vimejaa, mashavu yamevimba, macho yamewatoka. Nyongesa anatembea mbele yao taratibu, akimtazama kila mtu. Mmoja anashindwa na kupiga chafya. Wengine wanajizuia kucheka na wanashindwa.

"Pumua!" anaamuru Nyongesa, na pumzi za watu zaidi ya mia zinatoka pamoja kama moshi katika baridi ya asubuhi.

Wimbo huo ni wake. Hakufundishwa na daktari wala na mzungu yeyote. Aliutunga mwenyewe kwa sababu moja: ndani ya gari hilo kuna mashine inayopiga picha ya mapafu, na mtu akipumua wakati wa kupigwa, picha inatikisika.

"Picha ikitikisika, kivuli kidogo kinajificha," anasema Nyongesa. "Na sisi tunatafuta kile kidogo. Kile kikubwa hata mke wako anakijua."

Leo mstarini kuna mtu mmoja ambaye wote wanamtazama kwa pembe ya jicho. Anaitwa Omolo, fundi wa mitambo katika kinu hiki. Mwaka jana, 1958, gari hili liliona kivuli katika pafu lake la kushoto. Alipasuliwa Nairobi, kikakatwa. Sasa amerudi mbele ya mashine ile ile ili ijulikane kama kile kilichokatwa kimeota tena au la.

Mkewe, Akeyo, amesimama kando ya ua akiwa na mtoto wao Adero mgongoni. Haimbi. Midomo yake imefungwa.

Nyongesa alizaliwa Kimilili. Baba yake alikuwa mpasua mbao, na alikufa akikohoa, katika siku ambazo hakuna aliyejua kuna nini ndani ya kifua cha mtu. Kijana wake alikuja Nakuru kutafuta kazi, akapiga ngoma kubwa katika bendi ya kanisa, akachimba mitaro, akaosha chupa. Miaka sita iliyopita akaandikwa kuwa mfagiaji wa gari la picha. Kazi yake ilikuwa kufagia, kuvuta kamba ya injini na kuchota maji.

Leo bado anafagia. Lakini hakuna mtu anayeingia ndani ya gari hilo bila kupita mikononi mwake. Yeye ndiye anayesimama nyuma ya kila mtu, anayemshika mabega na kuyasukuma mbele mpaka yote mawili yaguse bamba la chuma. Mabega yakibaki nyuma, mifupa yake inaziba mapafu na picha inakuwa bure.

"Mikono hii imeshika mabega mengi kuliko ya mtu yeyote hapa bondeni," anasema, akiionyesha. "Nimeshika ya wachungaji wa ng'ombe, ya mahakimu, ya wake wa machifu. Yote yanatetemeka. Bamba ni baridi kwa kila mtu."

Gari hili liliundwa kutafuta kifua kikuu. Huzunguka mashamba, viwanda na shule kutoka Gilgil mpaka Molo, na Nyongesa huwa mbali na mke wake Milcah na watoto wao wanne karibu siku ishirini kila mwezi. Familia yote inaishi katika chumba kimoja mtaa wa Bondeni.

Mwanzoni watu walilikimbia. Nyongesa anakumbuka siku walipofika katika shamba moja la pareto huko Dundori. Wavunaji walipoliona tu, walitupa vikapu na kutawanyika ndani ya maua. Katika siku hizi za Hali ya Hatari, serikali inapowasaka waliokula kiapo cha Mau Mau, magari yaliyofungwa kila upande yalikuwa yamewachukua ndugu zao, na wengine hawakuonekana tena.

Mama mmoja aitwaye Wariara ndiye pekee aliyebaki, kwa sababu mguu wake ulikuwa unauma. Nyongesa alimkaribia na kumsalimu.

"Wewe kijana," Wariara alimwambia, "hiyo mashine inaona nini ndani ya mtu?"

"Mapafu tu, mama."

"Haioni kama mtu alikula kiapo?"

"Mama, hata uji uliokunywa asubuhi haiuoni."

"Basi kwa nini gari lenu limejificha hivyo? Mtu anayekuja kwa wema hufunga milango?"

Nyongesa alirudi kwenye gari na kufungua mlango wa mbele na wa nyuma, yote miwili, mpaka mtu aliyesimama nje akaweza kuona shamba upande wa pili. Kisha akamwalika Wariara aingie huku na atokee kule. Aliingia, akatokea, akapiga kelele kwa Kikuyu kuelekea kwenye maua. Watu wakatoka mmoja mmoja.

Tangu siku hiyo gari la Nyongesa huingia kila mahali na milango yote miwili wazi. Hufungwa tu wakati wa kupiga.

Lakini woga wa Dundori ulikuwa mwepesi kuliko ule wa kinu cha unga.

Kinu hiki, ambacho wenyewe wameomba kisitajwe jina, kina desturi yake. Kila anayefanya kazi ndani hukohoa. Unga uko hewani toka asubuhi hadi jioni, na kikohozi hicho wafanyakazi hukiita "kikohozi cha kazi". Mtu mpya akianza kukohoa, wenzake humpigia makofi na kumwambia kwamba sasa ameandikwa rasmi. Wazee wa kinu wanatambuana kwa kukohoa gizani kama wengine wanavyotambuana kwa mluzi.

Desturi hiyo ni ya watu wenye moyo, na hapana anayewacheka. Lakini ndani yake kuna shimo. Mahali ambapo kila mtu anakohoa, nani atajua kikohozi cha mgonjwa?

Na kulikuwa na Odero. Miaka michache iliyopita mzee huyo wa kinu alipatikana na kifua kibaya. Wiki hiyo hiyo akaachishwa kazi, na chumba chake katika nyumba za kinu kikapewa mwingine kabla jiko lake halijapoa. Alionekana akienda stesheni na godoro kichwani. Alifia kwao.

Kwa hiyo gari la picha lilipofika mwaka jana, wanaume wa kinu walijua la kufanya. Mwenye kifua asichokiamini aliazima cha mwenzake.

Siku hiyo Nyongesa alikuwa ndani, kwenye mwanga hafifu. Nje, karani Kosgei alikuwa akiita majina na kuwavalisha watu namba. Kosgei alikuwa mgeni mjini na nyuso za watu wa kinu hakuzijua. Aliita, "Omolo!" Mtu akapanda ngazi. Nyongesa akamshika mabega na kuyasukuma mbele.

Mikono ikasimama. Juu ya bega la kulia kulikuwa na sugu ngumu kama kisigino.

"Wewe nilikushika asubuhi," Nyongesa alisema.

"Mimi? Labda ulimshika ndugu yangu. Tunafanana sana."

"Na ndugu yako ana sugu hii hii, bega hili hili?"

"Ukoo wetu wote ni wa kubeba magunia."

"Omolo ni Mjaluo, bwana. Na wewe asubuhi ulinisalimu kwa Kibukusu."

Yule mtu akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa Wamalwa, mbeba magunia, kijana mwenye kifua kama ngoma. Hakupewa chochote kwa kazi hiyo. Alikuwa akimsaidia rafiki.

"Ndugu yangu," Wamalwa alinong'ona, "piga tu. Mashine haina mdomo. Utakuwa umeokoa nyumba ya mtu."

Fundi wa mashine ya picha aliuliza kwa nini wanachelewa. Nyongesa angeweza kusukuma bega lile lenye sugu, bamba likachukua picha, na hakuna ambaye angejua maisha yake yote. Badala yake akaomba injini ipumzishwe mpaka baada ya chakula cha mchana. Kisha akamshika Wamalwa mkono.

"Nipeleke kwake."

Omolo alikuwa nyumbani, chumba cha tatu katika safu ya nyumba za kinu, akiwa na sigara mkononi. Akeyo alikuwa akisonga ugali. Alipomwona Nyongesa mlangoni pamoja na Wamalwa, alielewa mara moja, akaendelea kusonga kwa nguvu zaidi.

"Karibu, shemeji," alisema bila kugeuka. "Umekuja kutufukuza ama kula?"

"Nimekuja kumwona Baba Adero."

"Mimi niko hapa, mzima," alisema Omolo. "Hii ni kikohozi ya kazi tu. Uliza mtu yeyote."

"Jumapili hakuna kazi," Akeyo alisema. "Jumapili hakuna unga, na bado unakohoa. Na sauti yake imegeuka. Zamani ilikuwa kavu. Sasa kama kuna kitu kinavutwa ndani."

"Nyamaza, mama."

"Nilinyamaza tangu Pasaka. Nimechoka kunyamaza."

Omolo akazima sigara yake ukutani. Alimgeukia Nyongesa kwa hasira ya mtu anayeogopa.

"Omera, ndugu yangu, nisikilize. Gari yako inaweza kutibu?"

"Haiwezi. Inaona tu."

"Basi ikiniona, mimi nalala wapi? Odero ilimwona. Wewe ulimwona tena?"

Omolo akaendelea, na sauti yake ikapanda.

"Na wewe mwenyewe? Unaimba, unashika watu mabega, vuta, shika, pumua. Wewe umepigwa lini?"

Mwiko wa Akeyo ukasimama ndani ya sufuria.

"Mama yangu!" alisema Akeyo. "Hajapigwa!"

Ilikuwa kweli. Mtu aliyekuwa ameshika maelfu ya mabega hakuwahi hata siku moja kusimama mbele ya bamba.

"Nilimkumbuka baba yangu," Nyongesa anaeleza sasa, na hafichi uso. "Nilifikiri, kile kilichomuua labda kiko ndani yangu, kimelala. Nikasema, acha kilale. Ndio nikaona kwamba mimi na Omolo ni mtu mmoja. Tofauti ni kwamba yeye alimtuma Wamalwa, na mimi nilijificha nyuma ya migongo ya watu."

Wamalwa alikuwa wa kwanza kucheka. "Na usinitazame mimi! Leo nimeshapigwa mara moja, na ya pili umeikataa mwenyewe."

Omolo hakucheka. "Ingia wewe kwanza," alisema. "Mbele ya watu wote. Halafu mimi nitakuja na kifua yangu."

Baada ya chakula, Nyongesa alipanda ngazi ya gari na kuvua shati mbele ya ua wote. Aliwaambia watu kwamba hajawahi kupigwa, na kwamba leo atapigwa wa kwanza. Kisha akaita, "Omolo, njoo unishike mabega."

Omolo akaja. Mgonjwa ndiye aliyesimama nyuma ya mtu wa gari, akayasukuma mabega yake mbele na kusema kwa sauti iliyosikika mpaka langoni, "Vuta! Shika! Mtu mnene wewe, usitikisike! Pumua!"

Watu walishangilia. Lakini Nyongesa alipotoka na kumwashiria Omolo achukue nafasi yake, sauti moja kutoka nyuma ilisema, "Na nyumba?"

Mwingine akarudia. Kisha mstari wote ukaketi chini, katika vumbi la unga. Hakuna aliyerusha jiwe, hakuna aliyetukana. Walikaa tu, vifua wazi, wakingoja jibu.

Daktari wa kifua aliyekuwa na gari siku hiyo ni mama wa Kizungu mwenye sauti ya chini. Nyongesa alimweleza habari za Odero. Walikwenda pamoja ofisini kwa mkubwa wa kinu, Nyongesa akiwa bado hana shati.

"Daktari alisema maneno ya daktari," Nyongesa anasimulia. "Mimi nilisema moja tu. Nilimwambia, bwana, watu hawaogopi mashine. Wanakuogopa wewe. Ukitaka wafanyakazi wazima, waambie kwa mdomo wako kwamba mgonjwa hatalala barabarani."

Mkubwa wa kinu alitoka nje. Akasema mbele ya watu wote kwamba atakayepatikana mgonjwa atabaki na chumba chake mpaka atibiwe, na kwamba daktari ndiye atakayesema kama anaweza kazi. Kosgei alitafsiri kwa sauti kubwa, akarudia kwa Kikalenjin ili lisiwepo neno la kupotea.

Watu wakasimama. Lakini Nyongesa hakuwa amemaliza.

"Na wewe, bwana," alisema. "Unga huu huu unauvuta pia."

Mkubwa wa kinu alimtazama mtu yule mfupi mwenye kifua wazi. Kisha akalegeza tai, akavua shati, akapanda ngazi. Ndani, Nyongesa aliweka mikono miwili juu ya mabega meupe na kuyasukuma mbele.

"Vuta pumzi," aliamuru. "Shika."

Na mkubwa akashika.

Nani katika nchi hii amezoea kuona jambo hilo? Mfagiaji anaamuru, mwenye kinu anatii, na sababu ya amri ni uhai wa wote wawili. Wanaume wa kinu wanalisimulia mpaka leo, na kila anayesimulia huongeza kidogo urefu wa muda ambao mkubwa aliambiwa ashike pumzi.

Picha ya Nyongesa ilirudi safi. Ya mkubwa wa kinu safi. Ya Omolo haikuwa safi.

Pembeni mwa pafu la kushoto kulikuwa na kivuli kidogo kama punje ya haragwe. Hakikuwa kifua kikuu. Nairobi walimpiga picha nyingine kubwa, wakaingiza mrija kifuani, wakachukua kipande na kukitazama. Walimwambia jina lake: kansa.

"Waliniuliza navuta sigara ngapi," anasema Omolo. "Nikawaambia kidogo. Akeyo akawaambia ukweli."

Daktari wa kifua hafichi kwamba Omolo alikuwa na bahati. "Wengi wakija kwetu, ugonjwa umeshatembea," anasema. "Wanangoja mpaka wateme damu au wakonde. Huyu alikuwa na uvimbe mdogo, uliokaa mahali pamoja. Huo tunaweza kuukata. Gari hili halikutengenezwa kwa ajili ya kansa, na si kila kansa litaiona mapema. Lakini hii liliiona, kwa sababu kifua kilichosimama mbele ya bamba kilikuwa chake mwenyewe."

Omolo alikatwa sehemu ya pafu. Alikaa Nairobi muda mrefu, na muda huo wote chumba cha tatu kilibaki cha Akeyo na mtoto. Wanawake wa nyumba za kinu walipokezana kumletea kuni. Wamalwa alileta unga, na kila alipouleta alikohoa mlangoni ili ajulikane ni nani. Omolo aliporudi, alipewa kazi ya stoo ya vifaa, mbali na vumbi. Sigara ameacha. "Lakini bado naiota ndotoni," anasema. "Naamka nikiwa na hatia."

Ndiyo maana leo ua wote unamtazama.

"Omolo!" anaita Kosgei, ambaye sasa anamjua kila mtu kwa sura.

Omolo anapanda ngazi taratibu. Kovu lake limeanzia chini ya kwapa, likazunguka mpaka nyuma ya bega, na bega hilo sasa limeinama kidogo. Hajaribu kulificha. Nyongesa anasimama nyuma yake. Anaweka mikono juu ya mabega, mmoja juu, mmoja chini, na kuyasukuma mbele kwa upole usio wa kawaida yake.

"Inauma?"

"Songa tu, omera. Usinishike kama yai."

"Vuta."

Omolo anavuta. Hewa inaingia kwa sauti.

"Shika."

Mlango umefungwa. Nje, mstari umenyamaza, na mtu angedhani wote wameshika pumzi pamoja naye bila kuambiwa. Mashine inalia mara moja.

"Pumua."

Picha nyingine za leo zitasomwa mjini baadaye. Hii moja, daktari ameagiza isafishwe hapa hapa, katika kijichumba cheusi kilicho mwisho wa gari. Omolo anashuka na kuketi kwenye ngazi. Akeyo anakuja kusimama karibu naye, na Adero anamvuta baba yake sikio. Wamalwa anatoa utani mmoja, hakuna anayecheka, anauacha. Nyongesa anachukua ufagio na kuanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa.

Daktari anatoka na picha ingali inadondosha maji. Anaiinua kuelekea jua. Anaitazama upande mmoja, anaigeuza, anaitazama tena. Anaisogeza karibu na uso wake. Akeyo ameshika mkono wa Omolo.

"Hapa walipokata, pamepona," anasema daktari. "Hapa pengine pote, sioni kitu. Safi. Utakuja tena mwakani."

Akeyo anaketi chini pale pale, kwenye vumbi, na mtoto mgongoni. Analia na kucheka pamoja. Omolo anamwinua, lakini wenzake wamemfikia, na sasa ndiye anayeinuliwa. Wamalwa anambeba begani, lile bega lenye sugu, na kumzungusha ua mzima.

"Nishushe, wewe!" anapiga kelele Omolo. "Mimi si gunia!"

"Gunia ni zito kuliko wewe!"

Nyongesa ameweka ufagio chini. Anajipangusa uso kwa kiganja, mara moja, haraka, kisha anapanda ngazi na kudai mstari urudi mahali pake. Kazi bado ipo. Wa kwanza kupanda ni Wamalwa, akihema.

"Umeleta vingapi leo?" Nyongesa anamuuliza.

"Kimoja tu. Cha kuzaliwa nacho."

Mwakani Nyongesa ataanza mafunzo ya kuendesha mashine yenyewe. Daktari amemwombea nafasi, na imekubaliwa. Mfagiaji wa gari la picha atakuwa mpiga picha wa gari la picha. Anasema hataacha kuimba, na atamfundisha wimbo yeyote atakayeshika ufagio baada yake.

Lakini akiulizwa tumaini lake, hataji mafunzo. Anataja neno lile lililosemwa hapa uani mwaka jana. Anataka lisemwe katika kila kiwanda na kila shamba la bonde hili, na mwenye mali mwenyewe, mbele ya watu: mgonjwa hatatupwa nje. "Mahali ambapo neno hilo limesemwa, watu wanakuja na vifua vyao," anasema. "Mahali ambapo halijasemwa, tunapiga picha za Wamalwa."

Kesho gari linakwenda upande wa Gilgil, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Wanaume wa huko hutoka kazini wakiwa weupe kutoka nywele mpaka kope, na mwaka jana hata nusu yao hawakujitokeza. Nyongesa ameomba kwa mkubwa wa kinu ruhusa ya kwenda na mtu mmoja wa stoo ya vifaa, kwa siku moja. Ruhusa imetolewa. Mtu huyo atapanda ngazi kwanza, atavua shati na kuwageuzia mgongo, ili walione kovu kabla hawajaambiwa lolote.

Mstari umekwisha. Injini imezimwa, na sauti za kinu zimerudi. Omolo, shati begani, anakuja mlangoni pa gari.

"Kesho tunaondoka mapema?"

"Mapema sana," anajibu Nyongesa, akifunga mlango wa nyuma. "Na usimtume mtu."